Jino la Kifaru Kwenye Paji Langu

Naanza na ujinga wangu, ili atakayeudhika aiweke karatasi chini mapema. Siku ya mechi ya mwisho ya msimu wangu wa kwanza chuoni nilimpiga mtu kichwa cha mdomo, kisha nikaenda nyumbani nikasema yeye ndiye aliyenipiga. Sikuteleza wala sikusukumwa. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikainama kama beberu, nikamwendea. Halafu nikaona aibu, na kwa ajili ya aibu hiyo nikasema uongo mmoja mfupi. Uongo huo ulinitoboza fuvu, ukamvunja mama yangu mkono, na kidogo tu umtie kaka yangu jela.

Nayaandika haya sasa kwa sababu kila ninapokwenda kuchukua vidonge vyangu namkuta mtu mpya kwenye benchi, uso umevimba, anamwambia muuguzi kwamba ameanguka bafuni. Bafu za Maskati zinasingiziwa mengi. Wewe uliyekaa hapo, soma mpaka mwisho, halafu ingia ndani ukaseme kweli.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Miaka ya tisini tulikaa Hamriya, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa, mimi na Mama na Bibi mzaa mama na kaka yangu Nassor. Baba alikuwa ameshafariki. Nassor aliendesha winchi Bandari ya Sultan Qaboos, na mshahara wake ndio uliotulisha sote. Vijana wenzangu wakitoka jioni, mimi nilikuwa jikoni nakwangua ukoko wa pilau. Sikuwa na shida na dunia, ila sikuona kwa nini niifuate nje na hali jikoni kuna feni.

Lakini nilijaaliwa mguu wa kulia. Nilipomaliza sekondari nikaingia chuo cha ufundi kusomea majokofu na viyoyozi, na wiki ya kwanza wakanitia katika timu. Nilicheza katikati. Mpira ukitoka kwa kipa ulipita kwangu kwanza, na mimi ndiye niliyeamua nani apate na nani akimbie bure. Mbio sikuwa nazo. Nilisimama pahala pamoja kama mwenye duka, nikawatuma wenzangu. Msimu ule wa kwanza, tangu joto lilipopungua mpaka liliporudi, tulipoteza mchezo mmoja tu.

Uwanja wetu ulikuwa wa changarawe, chini ya milima meusi, na ukianguka uliacha ngozi. Mechi ya mwisho tulicheza na chuo cha biashara. Walikuwa na beki mmoja mrefu, bega kama mlango wa ghala, tukimwita Kifaru. Dakika ya kumi alinikanyaga kifundo mpaka soksi ikajaa damu. Dakika ya ishirini nikampiga kiwiko cha mbavu, nikasikia pumzi zikimtoka. Kabla ya mapumziko winga wetu alivunjwa mguu mbele yangu, na mlio wake ulikuwa kama wa muwa unaovunjwa gotini. Kijana wa watu akalia akimwita mama yake. Refa na wachezaji wote wakamkimbilia. Nikabaki mimi na Kifaru peke yetu upande wa pili, akanitazama, akasema kwa Kiarabu, "Na wewe Mzinjibari, rudi jikoni kwa mama yako kabla sijakuvunja."

Angenitukana ukoo wangu ningenyamaza. Kilichoniuma ni kwamba amesema kweli.

Ndipo nilipoinama nikamwendea. Nilisikia meno yakikatika kabla sijasikia maumivu. Akaanguka chali, mdomo umekuwa tundu jekundu, na mimi nikaanguka juu yake. Wenzake walipogeuka waliona watu wawili chini wanavuja damu, wakaanza kupigana na wenzetu bila kuuliza nani kafanya nini. Mtu mmoja alinipiga teke la kisogo na kiatu cha njumu nikiwa bado nimelala. Nani, mpaka leo sijui. Mechi ikavunjwa. Hakuna aliyeona mwanzo wake isipokuwa sisi wawili.

Nyumbani Mama alinikalisha chini ya taa, akanisafisha paji kwa maji ya chumvi, akachomoa kitu kwa kibano.

"Changarawe za chuo chenu nyeupe hivi?" akauliza.

"Ndivyo zilivyo, Mama."

Nassor alikuwa kasimama mlangoni na nguo za bandarini, mikono ina grisi. "Nani kakufanya hivi?"

Hapo ndipo ningesema. Lakini Nassor alinilea baada ya Baba kufa, na sheria yake ilikuwa moja: usianze ugomvi. Nikasema, "Kifaru. Kanipiga kiwiko, nikaangukia mawe."

Nassor alikwenda kunawa.

Wiki mbili baadaye kichwa kilianza. Asubuhi niliamka nacho, mchana kikalala kidogo, jioni kikarudi na jamaa zake. Joto la Maskati lilikuwa limeshapanda, kuta za Hamriya zinapumua moto, na kila mtu anaumwa kichwa, kwa hiyo sikushangaza mtu. Kofia yangu ikawa inanibana. Nikaenda Matrah kununua nyingine, nambari moja zaidi. Muuzaji akanipima kwa vidole viwili akacheka, "Yakhe, umri wako huu kichwa bado kinakua?" Nikacheka naye. Yule muuza kofia alikuwa daktari wangu wa kwanza, na sikumsikiliza.

Kisha nikaanza kutapika bila kula kibaya. Halafu ikaja hasira, na hii ndiyo niliyoiogopa, maana haikuwa yangu. Siku moja Bibi alikuwa anatazama televisheni, sauti juu kama kawaida yake. Nikamwambia apunguze. Akasema, "Nnasikiliza, mwanangu, subiri." Nikainyanyua televisheni nzima nikaibamiza ukutani. Vioo vikaruka mpaka kwenye mapaja yake. Bibi akakaa vilevile, mikono miwili imekumbatia tasbihi, akanitazama kama anatazama mgeni aliyekosea nyumba. Mimi, ambaye nikimuua mende nilimwomba radhi.

"Huyu si Seif," alimwambia Mama. "Huyu katiwa kitu kichwani."

Bibi alizaliwa Unguja, akaja Maskati mtu mzima, lakini alikuwa Muomani kuliko milima. Dawa ya wahenga wa huku, alisema, ni chuma. Akaletwa mzee kutoka bara ya ndani, mwenye misumari yake ya kuchomea ndani ya kitambaa, kama fundi saa. Waliniweka chini sebuleni. Nassor alinikalia miguu, jamaa wawili wakanishika mikono. Mzee akapasha chuma kwenye jiko la mkaa mpaka kikawa rangi ya chungwa, akasema bismillahi, akanigusa utosini mara tatu. Nilisikia nywele, nikasikia ngozi, nikasikia harufu ya nyama iliyoungua nikajua kuwa nyama ni mimi. Nilipiga mayowe mpaka mwenye duka la vitambaa akapanda ngazi kuuliza kama kuna maiti. Nikafanikiwa kuutoa mguu mmoja, nikampiga Nassor teke la kidevu, akauma ulimi, damu zikamwagikia kanzu. Hakuniachia.

Na unajua kilichotokea? Kwa siku kumi sikuumwa kichwa. Kidonda kilichoma sana hata maumivu mengine hayakupata nafasi. Nikatangaza nyumba nzima kwamba nimepona. Bibi akampelekea yule mzee kuku wawili.

Hivyo nikaanza msimu wa pili. Mechi ya kwanza nilitoa pasi sita kwa wapinzani. Si karibu yao, bali miguuni mwao, safi kabisa, kama nilizozoea kuwapa wenzangu. Niliona jezi nyeupe, mguu ukapeleka kwa nyekundu. Mechi ya pili hivyohivyo, tukafungwa manne.

"Wewe unatuuza?" nahodha aliniuliza mbele ya wote, kanishika ukosi. "Wamekupa nini?"

"Jua liliniingia machoni."

"Mawingu leo, Seif."

Nikampiga. Nikamvunja pua. Nilipotazama ngumi yangu ilikuwa ya kushoto, kwa sababu ya kulia ilikuwa haifungi tena sawasawa. Vikombe vya chai vilikuwa vinanianguka nyumbani, nikawa nasema sabuni imevifanya viteleze.

Mechi ya nne tulikutana tena na chuo cha biashara. Kifaru alikuwepo, pengo mbele. Nakumbuka nilimwona anakuja, tukaruka sote kwa mpira wa juu, mabega yakagusana, basi. Mengine nimesimuliwa. Niliposhuka chini nilikuwa mgumu kama ubao, macho yamegeuka, kisha mwili wote ukaanza kujipiga juu ya changarawe. Kisogo, viwiko, visigino. Wenzangu walinishika, nikawakwaruza. Nilijikojolea mbele ya vyuo viwili. Ulimi niliuuma ukaning'inia kipande pembeni, mpaka leo herufi nyingine zinanitoka na upepo.

Nassor aliitwa kutoka bandarini. Alinikuta katika gari la wagonjwa, akasikia watu wawili watatu wakisema, "Ni Kifaru, waliruka pamoja." Hakuhitaji zaidi. Alikuwa na yake ya tangu mwaka jana. Jioni ileile alimvizia nje ya nyumba yao, akavunja vioo vya gari lao kwa kipande cha bomba, na Kifaru alipotoka kuzuia, akamvunja mkono wa kulia pahala pawili. Polisi wakaja kumchukua Nassor hospitalini, miguuni pa kitanda changu. Alinyoosha mikono wamfunge pingu, akaniambia, "Usiwe na khofu, Seif. Nimekulipia."

Nilikuwa na akili wakati ule. Ningeweza kusema. Nikafumba macho kama mgonjwa.

Nassor alitolewa kwa dhamana siku ya tatu, kesi ikabaki inangoja. Mimi nikaanza maisha ya benchi. Ukumbi wa kungojea ulikuwa na upande wa wanaume na upande wa wanawake, na katikati ukuta mfupi wa mbao. Mama alikaa kule, mimi huku, tukazungumza kwa nyusi. Nyusi zikipanda, anauliza kama naumwa. Zikishuka, anasema nivumilie. Saa nne kwa nyusi. Daktari aliniuliza pigo la kwanza nililipata lini. Mama alikuwa kasimama karibu yangu. Nikasema wiki ile ile, uwanjani. Naye akafanya kazi kwa alichoambiwa. Akanipa vidonge na tarehe ya kurudi kupigwa picha ya kichwa, wala si ya haraka, maana mtu aliyegongwa juzi na anaongea vizuri huwaachia nafasi wenye hali mbaya.

Haikufika tarehe hiyo. Asubuhi moja Mama aliniletea uji kitandani. Kilichotokea sikijui, nimekikuta tu kama unavyokuta nyumba imeungua. Nilianza kutetemeka, na ilipokwisha nikainuka macho wazi bila mtu ndani yake. Nilimshika Mama mkono nikaupinda. Alikuwa ananiita jina langu. Niliupinda mpaka ukafika pahala mkono haufiki, kisha nikamsukuma kwenye kabati. Bibi alikuja na mchi wa kinu akanipiga wa mgongo mara mbili, mkongwe wa watu, ndipo nikakaa chini. Akili iliporudi nilimwona Mama kalala kwenye uji, mfupa umesukuma ngozi ya mkono kwa ndani, anasema, "Si kitu, si kitu, hakujua."

Nassor alitupeleka sote wawili kwa gari moja. Mama mbele, mkono ndani ya kanga, hakulia. Mimi nyuma, mikono yangu nimejifunga mwenyewe kwa kilemba cha Nassor.

Siku ile Mama alikuwa kwa mafundi wa mifupa, kwa hiyo niliingia kwa daktari peke yangu. Nikamwambia, "Pigo si la mwezi huu. Ni la miezi minane nyuma. Na aliyepiga ni mimi." Hakushangaa hata. Aliinuka akatoka nje ya chumba mbio, na kabla ya adhuhuri nilikuwa ndani ya mashine. Damu ilikuwa imejikusanya chini ya fuvu upande wa kushoto, muda wote ule, ikiongezeka kidogo kidogo. Ndugu msomaji, maneno mawili tu. Ningeyasema mara ya kwanza, Mama angekuwa na mkono mzima.

Walininyoa. Muuguzi mmoja wa Kihindi, mfupi, mchangamfu, alipofika kwenye makovu matatu ya chuma alisimamisha wembe, akanipapasa utosi kwa kiganja, polepole, kama anampapasa mtoto wake. Hakuuliza. Katika mwaka mzima ule wa kupigwa na kupiga, ule ndio mkono wa kwanza ulionigusa kichwa bila kutaka kitu. Nikalia mpaka akanifuta pua.

Walinitoboa matundu mawili. Mimi mwanafunzi wa viyoyozi nilijua drili ni nini, na nilimwuliza daktari wanatumia nambari ngapi, akaniambia nilale. Damu iliyotoka, alisema baadaye, ilikuwa nyeusi kama oili ya injini. Nilipozinduka koo lilikuwa jangwa, mrija wa mpira umetoka kichwani unachuruzika kwenye mfuko, na mkono wa kulia ukafunga ngumi. Niliufunga na kuufungua, nikaufunga na kuufungua, mpaka yule muuguzi akasema kwa Kiarabu chake cha kuvunjika, "Basi, utauchosha." Ukinipapasa leo utayakuta, vishimo viwili vimekaa sambamba. Nassor husema ni soketi, nikilala mtu asije akachomeka pasi.

Lakini hayo ya soketi ni ya baadaye sana. Wakati ule Nassor alikuwa bado anaamini.

Wiki ya tatu nipo nyumbani, Ijumaa baada ya alasiri, baba yake Kifaru alikuja na wazee wawili na Kifaru mwenyewe, mkono umefungwa shingoni. Tuliwakaribisha kama inavyopasa. Mama alikaa karibu na mlango wa jikoni, mkono wake ndani ya plasta, Bibi pembeni yake. Nassor akamimina kahawa. Baba yake Kifaru alipokea kikombe, akakiweka juu ya zulia mbele yake, hakukigusa tena. Kila mtu chumbani alijua maana yake. Mgeni mwenye haja hanywi mpaka haja yake ijibiwe, na mgeni akitoka nyumbani kwako kahawa imebaki kikombeni, mmekwisha kuwa maadui.

"Haja yangu ni neno moja tu," alisema. Walizungumza Kiarabu, mimi naandika kwa lugha yangu. "Mwanangu anasema meno yake yaling'olewa na mwamba wa goli. Nyinyi mnasema alimpiga kijana wenu kiwiko. Watu wazima hatuwezi kwenda mahakamani na hadithi mbili. Nataka kusikia kwa mgonjwa. Kama mwanangu ndiye aliyeanza, mkono huu uliovunjika ni adabu yake, na kesi naifuta. Kama hakuanza, huyu anayetumiminia kahawa atafungwa, na sitazuia."

Nassor alinitazama. Sitausahau uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kujua jibu, anangoja tu wageni walisikie.

Neno moja, na Nassor anarudi kwenye winchi yake, na Mama anakula. Uongo wenyewe haukuwa mpya, ulikuwa umekwisha tengenezwa, mimi kuurudia tu. Moshi wa kahawa ulikuwa unapungua kikombeni. Nikamtazama Kifaru, akatazama zulia. Nikaona kwamba hata yeye hatanisemea.

"Sikupigwa kiwiko," nikasema. "Mimi ndiye niliyempiga. Kichwa, mdomoni. Hakuwa amenigusa wakati ule."

Halafu Mama akasema kwa Kiswahili, polepole, "Lile jiwe jeupe." Akajifunika mdomo kwa mkono wake mzima. "Ya Rabbi, kumbe nilichomoa jino la mtoto wa watu."

Baba yake Kifaru alimgeukia mwanawe. "Mwamba wa goli?"

"Ningesema nini, baba?" Kifaru alininyooshea kidevu. "Mtazame alivyo. Ananifika hapa," akajigusa kifua.

Baba yake alimzaba kofi lililomgeuza uso. Mbele yetu, mkono wa mwanawe umevunjika, alimzaba la pili. Wazee wakamshika. "Mwaka mzima!" alikuwa anapiga kelele. "Mwaka mzima nyinyi wawili mmetuchezea!" Kifaru hakujikinga. Alipoachiwa aliinama, akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua kikombe cha baba yake kutoka zuliani, akakinywa chote. Kahawa nyingine ilimtoka kwenye pengo, ikamchuruzika kidevuni. Akakitikisa kikombe, ishara kwamba inatosha, akamrudishia Nassor.

Imekwisha kunywewa. Mzee yule alikitazama kikombe kile muda mrefu, akasimama, akaondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata kesi ikafutwa.

Ila sebuleni hatukuwa tumemaliza. Nassor aliweka birika chini vizuri kabisa. Akanijia. Akainua ngumi, na mimi nikaitaka, wallahi niliitaka inifikie. Ikasimama hewani, juu ya bendeji yangu. Akaigeuza akaipiga kwenye kioo cha kabati la vyombo, mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko, sahani za Mama zikashuka zote. Alitoka akivuja damu ngazi zote tatu. Akahamia kwenye vyumba vya wafanyakazi bandarini.

Msimu wa tatu ulianza bila mimi, na chuo changu kikachukua kombe. Kuna watu wangeificha khabari hii. Nahodha mwenye pua niliyoivunja alikuja kunionyesha medali, akala biskuti zetu zote. Chuo nikaacha, kwa hiyo cheti changu kikubwa mpaka leo ni cha sekondari. Vidonge vikaninenepesha mashavu, ufizi ukapanda ukafunika nusu ya meno, vinyweleo vikaniota hadi masikioni. Nililala mchana kutwa. Maisha niliyoyaota tangu utotoni, nikayachukia. Mama hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilikuwa zito kuliko mchi wa Bibi. Kila nilipomwona anajaribu kukanda unga kwa mkono usiokunjuka, niliondoka jikoni. Baadaye nikaacha kuondoka. Nikamnyang'anya bakuli, nikakanda mimi.

Nassor alileta vyakula kila mwezi, akaviweka mlangoni, akampa Mama salamu, akaenda zake. Mwaka mzima. Kisha siku moja ya joto kali alifika akasikia kishindo bafuni, na mlango nimeufunga kwa ndani. Alipiga bega mara nne mpaka bawaba zikang'oka. Alinikuta nimebanwa kati ya ukuta na choo, nyusi imepasuka, najipigiza kwenye vigae. Aliweka mkono wake chini ya kichwa changu, na vigae vikamchubua yeye badala yangu mpaka ikaisha. Nilipofumbua macho, neno la kwanza aliloniambia baada ya mwaka lilikuwa, "Vaa taulo."

La pili lilikuwa, "Ungeniambia mimi. Ningekupiga siku ileile, tukala."

Sasa ni miaka elfu mbili na kitu, tumehamia Al Amerat, nyuma ya milima. Nassor amejenga. Bibi hakuwahi kuiona nyumba, Mungu amrehemu. Mimi nina chumba changu cha pembeni natengeneza majokofu ya majirani bila kutoka getini, na mwaka wa tatu huu sijaanguka. Vidonge nameza kila siku, na mlango wa bafu siufungi kwa komeo. Kifaru huja siku ya pili ya Idi, ana meno ya bandia, huyavua mezani makusudi ili nisile.

Wiki iliyopita, hewa imeanza kupoa, niliwasomea Mama na Nassor uani haya niliyoyaandika. Nilisoma kwa sauti, na kwa siri nilijiandaa kufarijiwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake mbovu kaulaza mapajani. "Umesahau kuandika kwamba uji ulikuwa wa moto," akasema, basi. Nassor akalalamika kwamba nimemfanya mkali kuliko alivyo. Upande wa pili wa ukuta, jirani yetu Bi Salma alikuwa anaanika nguo, mwanamke wa Unguja asiyemkopesha mtu neno. Hakuwa amealikwa kusikiliza, na hakukosa sentensi hata moja. Kichwa chake kikatokea juu ya ukuta, kibanio cha nguo mdomoni, akakitoa.

"Seif, miye nnakwambia kweli," alisema. "Wewe hukuumwa kichwa hata siku moja. Uliumwa mdomo, na madaktari maskini wamekutoboa pahala sipo."